Vidonge Ishirini na Sita Ndani ya Begi Lako

Mwanahamisi, mama yangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua, maana umenipita hapa kibarazani robo saa iliyopita ukiwa na mama yako, mnakwenda kuwaaga majirani, na ukanitania kwamba nikilichelewesha begi lako utasafiri na mfuko wa rambo. Hali yangu nayo unaijua. Kwa hiyo tuyavuke hayo.

Habari za chandarua, za maji ya kuchemsha na za kutokula vitu vya njiani, mama yako ameshakuambia mara tatu. Baridi ya Sumbawanga ameieleza kana kwamba kazaliwa huko, wakati hajawahi kuvuka Mikumi. Siongezi neno. Mimi nina jambo moja tu, na limenikuta hapa hapa kwenye cherehani alasiri hii.

Uliniletea begi nikubadilishie zipu. Ya zamani nimeshaibandua. Nikawa natoa vitu kwenye mfuko wa pembeni ili sindano isivitoboe, nikakuta boksi la dawa. Boksi lile nalijua, la kwangu ni ndugu yake. Ndani kuna karatasi tatu za vidonge kumi kumi. Vinne vimetobolewa. Ishirini na sita vimelala palepale vilipofungwa kiwandani, na dawa hii ulipewa miezi miwili iliyopita. Chini ya vidonge kuna barua ya daktari ya kukukabidhi kwa wenzake wa huko uendako. Bahasha haijafunguliwa.

Sijakasirika. Ningekuwa nimekasirika ningekufuata huko huko kwa majirani. Nimekaa tu, nimeviangalia, kisha nikachana kurasa za katikati za daftari langu la vipimo, ndizo hizi unazosoma. Ukiona nyuma yake viuno vya watu na urefu wa mikono, usijali, wenyewe walishachukua nguo zao. Nimeamua kuandika kwa sababu nikikuambia kwa mdomo utasema "sawa, baba," kwa heshima zote, na boksi litakwenda Sumbawanga na kurudi vilevile. Nakujua, maana najijua.

Ngoja nianzie mbali kidogo, kwenye visigino.

Sisi wa Kinole, huko mlimani nilikozaliwa, tuna ule mshipa wa nyuma ya mguu, unaopanda kutoka kisiginoni kwenda kwenye shavu la mguu. Kwa watu wengi ni mwembamba. Nyumbani kwetu ulikuwa mnene kama kidole gumba, nasi tukajisifia. Tuliuita kisigino cha mlima. Tulisema mwenye nacho hachoki kupanda wala hatetereki kushuka. Baba yako mkubwa Shabani, kaka yangu, alikuwa nacho kuliko sisi sote. Alikuwa mwembamba, hana hata kitambi cha kubana mkanda, na alishuka na mikungu miwili ya ndizi mabegani huku anapiga mluzi. Mimi nilipohamia mjini kushona, nilikuwa napandisha suruali yangu nawaonyesha wateja mguu: "Huu ni mguu wa Uluguru, mzee, tazama." Na wewe ulipokuwa na miaka sita nilikushika kifundo cha mguu, nikapapasa, nikakuambia kwa furaha kubwa, "Na wewe kitakuwepo." Ulicheka ukakimbia kumwambia mama yako.

Shabani alianguka njiani akiwa na miaka arobaini na sita. Alikuwa anashuka na ndizi kama siku zote. Aliweka mzigo chini taratibu, wanasema, akakaa juu ya jiwe, akamwambia mwenzake tangulia nakuja. Mwenzake alipogeuka, Shabani hakuwa tena wa dunia hii. Msibani yalisemwa mengi, unajua watu wanavyosema. Mimi nilisema ni siku zake tu zimefika. Hakuna hata mmoja wetu aliyetazama visigino.

Miaka minane baadaye akaja dukani kwangu daktari mmoja, mama wa makamo, na koti lake jeupe lililokuwa linampwaya mabegani. Nikapiga goti nimpime urefu wa pindo. Nikiwa pale chini nimeinua uso kumwuliza anataka liishie wapi, akainama kuyatazama macho yangu kwa karibu.

"Fundi, hivyo vialama vya njano juu ya macho yako vimeanza lini?"

"Hivi? Vya siku nyingi, daktari. Mke wangu anasema ndiyo uzee unaingilia huko."

"Hebu nione mguu wako."

Nilidhani ananitania. Nikapandisha suruali, tena kwa majivuno, nikaanza hadithi yangu ya mguu wa Uluguru. Yeye akainama, akaushika ule mshipa kwa vidole viwili kama mtu anayekagua kitambaa sokoni. Akauliza polepole, "Kwenu kuna mtu aliyekufa ghafla, umri bado?"

Futi ilinidondoka mkononi.

Mwanangu, wakati ule nilikuwa nimepima miili ya watu karibu miaka thelathini. Namjua mwenye bega la kushoto lililoshuka na mjamzito asiyejijua, kwa futi tu. Nikajiona mjuzi. Kumbe mwili wangu mwenyewe ulikuwa umeandika siri yake mahali pa wazi, machoni na miguuni, na mimi nikawa naisoma kuwa ni sifa. Ile haikuwa nguvu ya mlima. Yalikuwa ni mafuta ya damu yaliyojikusanya kwenye mshipa kwa sababu hayakuwa na pa kwenda. Mpaka leo nikiosha miguu kwa ajili ya sala nikafika pale, mkono unasita, nastaajabu upya.

Nilipimwa. Lehemu, ndiyo hayo mafuta ya damu, ilikuwa juu sana. Nikamwambia daktari kwamba nyama nakula kwa mwezi mara moja na chipsi ni za watoto. Akasema chakula kina sehemu yake, lakini haya yangu nimezaliwa nayo, ini langu halijui kuyaondoa inavyotakiwa, na kila mtoto wangu ana nafasi nusu kwa nusu ya kuyapata. Hapo hapo akasema, "Walete watoto nao wapimwe." Nikaitikia. Neno hilo nitalirudia mbele, na nitalirudia kwa aibu.

Akanipa vidonge, kimoja kila siku. Nikaanza vizuri kabisa. Sasa, sijui kama unaikumbuka simu ya shangazi yako. Dada yangu huyo ndiye anayekaa na shamba la Kinole, na kwenye shamba lile kuna mbalungi ambao mama yetu aliupanda. Nilipomweleza ugonjwa wangu alicheka kwa kunihurumia.

"Kaka, na mabalungi yote haya? Balungi linakata mafuta. Kunywa asubuhi na mapema, kabla hujala kitu, mwezi hautaisha utakuja kuniambia."

Nani Morogoro hii hajasikia kwamba kitu kichachu kinakata mafuta? Nikaona nikiviunganisha, kidonge cha daktari na balungi la mama, mafuta yatashikwa huku na huku, hayana pa kukimbilia. Akawa anashusha gunia zima kwa gari la mizigo. Na kila asubuhi, kabla hujaenda shule, wewe ndiye uliyenikamulia. Matatu makubwa, jagi limejaa. Ulikuwa unakunja uso kwa uchachu ukionja, kisha unaniletea kwa mikono miwili, nami nakimezea kidonge changu humo humo.

Baada ya wiki kadhaa mapaja yakaanza kuwa mazito. Nikasema ni mlima, maana Jumapili nilikuwa nimepanda Kinole. Wiki iliyofuata sikupanda, yakazidi. Nikasema ni cherehani, nakanyaga sana, msimu wa sare za shule. Nikajipaka dawa ya kuchua. Nikaanza kushika ukuta nikitoka chooni, na mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, nikasema sinywi maji ya kutosha. Kila dalili nilikuwa na jibu lake mfukoni, tena jibu la mtu mjuzi.

Mpaka alasiri ile msikitini. Nilisujudu pamoja na watu, imamu akainuka, watu wakainuka, mimi sikuinuka. Nilikuwa naiambia miguu, amka, na miguu ilikuwa haisikii. Swala ikaisha nikiwa bado nimeinama hivyo hivyo. Wenzangu walidhani nina jambo zito naliomba, wakaniheshimu wakaniacha. Ikabidi niwaite. Vijana wawili waliniinua kwa makwapa kama wanavyoinuliwa wazee wa miaka tisini, na mimi nilikuwa na hamsini na moja.

Hospitalini walinitundikia maji na kunipima damu tena na tena, kwa ajili ya misuli na kwa ajili ya figo. Daktari wa koti alikuja akakaa pembeni ya kitanda. Akaniuliza ninachokula, ninachokunywa, dawa nyingine ninazomeza. Nikamtajia yote, na mwisho, kwa kujisifu, nikamtajia balungi. Nilitegemea anipongeze.

Akaweka kalamu chini. "Mangapi?"

"Matatu. Lakini makubwa."

"Kila siku? Na kidonge humo humo?"

"Ndiyo nakimezea, daktari."

Wala hakunifokea. Akanieleza kwamba mwilini kuna kazi inayofanyika kila siku ya kuivunjavunja dawa ile ili isizidi. Balungi huisimamisha kazi hiyo. Kwa hiyo leo dawa inabaki, kesho inabaki, inapandana. "Umekuwa ukimeza kimoja," akasema, "mwili wako ukawa unapokea vingi. Misuli imelemewa, ikaanza kuachia vitu vinavyochafua figo. Umefika kwa wakati, fundi. Ilibaki kidogo sana uchelewe."

Nililala pale natazama chupa ya maji ikidondosha tone moja moja, na ingawa nilikuwa naogopa, zaidi nilikuwa nashangaa. Tunda la mama yangu, nililolila tangu sina meno, linajua kuzungumza na kidonge kilichotengenezwa nchi ambayo sitaifika. Wanakutana ndani yangu gizani na kufanya mambo yao, na mimi mwenye nyumba sina habari. Nilimshukuru Mungu kwa hofu. Sijui kama unanielewa.

Sasa sikiliza hili, ndilo nililopaswa kukuambia miaka saba iliyopita. Ulikuja wodini siku ya pili, umevaa sare, ukasimama miguuni pa kitanda na hukusogea. Mama yako akakueleza habari ya balungi. Ukatazama mikono yako. Niliona. Niliona kabisa, na sikusema kitu, kwa kuwa nilikuwa bado najionea huruma mwenyewe. Mwanahamisi, halikuwa kosa lako. Ulimkamulia baba yako juisi kwa sababu alikuomba, na ulinipenda. Kosa lilikuwa la mtu mzima ambaye aliona aibu kumwuliza daktari swali la kijinga: je, naweza kumezea juisi? Swali lile lingechukua muda mfupi kuliko kutunga uzi kwenye sindano.

Nimekaa hapa nafikiri pengine ndiyo sababu uliishia kwenye kidonge cha nne. Pengine miguu ilikuuma kidogo, au ulidhani imeuma, ukaniona mimi nainuliwa msikitini. Kama ni hivyo, basi hofu hiyo umeipata kwangu, na mimi ndiye wa kuja kuichukua.

Maana kosa langu la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza, na hilo unalijua vizuri sana. Nilipopata nguvu, daktari alinipumzisha, kisha akanipa dawa ya aina nyingine, ambayo alisema haigombani na balungi, na akaanza na kiasi kidogo mno. Nikapokea kwa mikono miwili, nikasema ahsante. Nikafika hapa dukani nikavimimina vyote kwenye kopo la vifungo. Mama yako akiniuliza umemeza, nasema nimemeza. Miguu ilikuwa myepesi, nilikuwa napanda mlima, nikajiambia nimepona. Miezi saba nikaishi hivyo. Kuiacha dawa kulikuwa kutamu kuliko nilivyotaka kukiri. Hakuna kilichouma, na hilo ndilo lililonidanganya, kwa sababu hata Shabani hakuumwa chochote mpaka alipoliweka zigo lake chini.

Halafu asubuhi moja ukaja unatafuta kifungo cha shati la shule.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, hizi si dawa zako?"

"Hilo kopo la kazi. Liache."

Hukuliacha. Ulivichagua vidonge kutoka kwenye vifungo, kimoja kimoja, ukavipanga hapa kwenye ubao wa cherehani, ukaleta glasi ya maji. Mimi nilipandisha sauti. Nilikuambia mtoto hamkagui mzazi wake. Wewe ukangoja nimalize, ukasema kwa sauti ya chini kabisa, "Baba mkubwa hakupata hata nafasi ya kuiogopa dawa." Ukaenda shule na shati lisilo na kifungo.

Nimevaa maneno hayo tangu siku hiyo. Ulikuwa na miaka kumi na saba, uliyasoma wapi? Siku hiyo hiyo nilifunga duka, nikaenda kwa daktari nikiwa na kopo lenyewe mkononi, nikamwonyesha. Nilitegemea anifukuze. Akachungulia ndani, akacheka mpaka akatoa miwani, akasema, "Angalau hukuvishona kwenye suti ya mtu."

Tukaanza upya, kidonge kidogo, siku moja ndiyo siku moja hapana. Akaniambia, "Safari hii nipe vipimo, fundi. Usiniambie miguu inauma. Niambie mguu upi, sehemu gani, tangu lini, umefanya nini jana yake." Nikaanza kuandika kwenye daftari hili hili, katikati ya magauni ya watu. Wiki ya pili nikarudi mbio nikisema dawa inaniua. Akasoma, akaniuliza kwa nini ni mguu wa kulia peke yake, tena kuanzia gotini kushuka. Ndiyo mguu ninaokanyagia cherehani. Nikapandisha kiti inchi mbili, yakaisha. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Baadaye kweli mapaja yote mawili yakawa mazito bila kazi yoyote. Nikamwambia, akapima damu, akapunguza tena, mwili ukazoea. Tangu hapo sijambo, na lehemu imeshuka mpaka daktari akaniita niione karatasi mwenyewe.

Nilichojifunza si kikubwa. Mguu ukiuma huwa sijui umeumizwa na nini mpaka nimwulize anayejua. Kabla nilikuwa najijibu mwenyewe, mara ya kwanza nikasema ni mlima nikaendelea kumeza, mara ya pili nikasema ni dawa nikaacha kumeza, na mara zote mbili nilikuwa nimekosea kwa kujiamini kulekule. Ya mkojo mweusi na udhaifu wa ghafla hayangoji siku ya kliniki, hayo unakwenda saa ileile, uliyaona. Yaliyobaki ni mazungumzo. Kidonge kikikushinda kuna kingine, na kiasi kikizidi hupunguzwa. Hata ukienda duka la dawa kununua ya kikohozi, watajie na vidonge hivi unavyomeza. Na kuna neno jingine ambalo daktari alisisitiza, la binti anayetumia dawa hizi akija kufikiria kuzaa, kwamba amwone daktari kabla. Hilo nimemwachia mama yako akueleze, mimi nashona tu.

Sasa ile aibu niliyoahidi. Daktari aliniambia niwalete wewe na mdogo wako Hamisi siku ileile ya kwanza. Nilikaa miaka saba. Kila kliniki aliuliza, na kila kliniki nilikuwa na sababu, mara mitihani, mara mvua. Ukweli ni kwamba sikutaka kuona karatasi yenye jina lako. Nisingeweza kuvumilia kujua kwamba ni mimi niliyekupa. Mpaka mwaka huu ulipopata ajira ya ualimu ukatakiwa kupima afya, ndipo nikasema basi, na mafuta yapimwe. Hamisi akakutwa safi. Wewe ukakutwa kama mimi. Tulirudi kwa miguu siku ile, na ulikuwa unatembea mbele yangu. Nilikuwa natazama visigino vyako njia nzima.

Unajua desturi ya kwetu, Waluguru. Mtoto ni wa ukoo wa mama, lukolo la mama. Shamba la Kinole si langu kukupa; nikiondoka litabaki kwa shangazi yako na watoto wake. Wewe ardhi yako iko Mgeta, kwa wajomba zako. Maisha yangu yote nimekuwa naona kama uchungu mdogo kwamba nina binti ninayempenda hivi na sina hata tuta moja la kumwachia. Jina la mama yangu nilikupa, basi. Halafu ukaja na karatasi ile, na nikaona kwamba kumbe kipo kitu kimoja kilichotoka kwangu mimi, kikapita mipaka yote ya koo, kikakufikia. Ndicho hiki. Nakuomba radhi, mwanangu. Naomba radhi na bado nashangaa, kwa kuwa nikikitazama vizuri naona pia ile damu yenye ukaidi, macho yale ya kuchagua vidonge kwenye vifungo, na sijui kipi nilikupa na kipi umekuja nacho mwenyewe.

Mwezi uliopita nilipanda Kinole. Nilikwenda taratibu, nikapumzika pale penye jiwe la Shabani. Nilikaa juu yake, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Mji wote ulikuwa chini, umefunikwa na ukungu nusu, na nilikuwa nasikia maji yanashuka bondeni. Nikajikuta nahesabu. Yeye alinizidi miaka mitatu. Alinibeba mgongoni kwenye njia ile ile. Alikomea arobaini na sita, na mimi nina hamsini na nane. Mdogo amemzidi kaka yake umri wa mtoto anayemaliza darasa la saba. Kwa kitu gani? Kwa kidonge kidogo kuliko kifungo cha kola, na kwa msichana aliyekwenda shule na shati wazi. Nililia pale, wala sikujifuta haraka. Kisha nikainuka kwa miguu yangu mwenyewe, nikaendelea kupanda.

Nawasikia mnarudi, sauti ya mama yako imetangulia. Boksi narudisha palepale, bahasha ya daktari juu yake, na kurasa hizi juu ya bahasha. Kisha nashona zipu. Ni imara, haitakusumbua.

Sikuombi uahidi chochote. Niliahidi sana mimi, nikiwa na kopo la vifungo pembeni. Nina ombi moja tu. Ukinipigia kutoka Sumbawanga, kesho kutwa na siku zote, usianze na shikamoo. Najua ni mimi niliyekuwa nakurudisha mlangoni uingie upya kwa sababu umesahau kuamkia. Safari hii anza na miguu. Niambie upi, sehemu gani, tangu lini, na kama haina neno niambie haina neno. Nikishasikia habari za miguu, ndipo uniamkie. Marahaba yako ninayo hapa.

Ni mimi baba yako, mwenye kisigino kama chako.